Shajara ya mradi wa makazi ya wazee, Tabora: Aprili hadi Oktoba

Aprili, wiki ya pili

Tumeanza. Makazi yako pembeni mwa mji, barabara ya vumbi, miembe mikubwa mbele ya jengo la wanaume. Wakazi ni thelathini na ushei, wanaume wengi kuliko wanawake. Yupo mfawidhi, muuguzi mmoja, walezi wachache wanaopokezana zamu, wapishi wawili na mlinzi. Fedha za mradi zinatosha vifaa, ufundi na nauli. Hazitoshi kumwajiri mtu, na hilo nimelisema siku ya kwanza ili asije akatokea wa kuzisubiri.

Andiko la mradi linasema tutaboresha "huduma na ushiriki wa wazee". Huduma inaeleweka. Ushiriki kila mtu ana wake: mfawidhi anaona ni kuwa na kamati, mfadhili anaona ni picha ya wazee waliokaa duara. Wazee wenyewe wanaona ni nini, hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo nikazunguka na dodoso la kuridhika. Chakula kikoje, bibi? Tunashukuru. Mnalala vizuri? Tunashukuru, mjukuu wangu. Walezi wanawasikiliza? Mungu awabariki. Mzee mmoja alinijibu hivyo hivyo huku kisigino amekifunga kipande cha kanga, na kipande kimelowa. Kwa dodoso hili tumeipita hoteli yoyote ya hapa mjini. Lakini mtu anayekula kwa mkono wako hawezi kukwambia usoni kwamba ugali haukuiva. Atakula, atashukuru, na kilichobaki atawatupia kuku.

Dodoso limeingia kabatini. Nimenunua kaunta buku, nimeiweka kwenye meza ya walezi. Kila lalamiko litaandikwa humo na yeyote atakayelisikia, bila jina la mzee kama hataki. Kurasa zikibaki nyeupe, nitajua hatujafika popote. Mfawidhi kacheka: "Wewe unatafuta kesi."

Aprili, mwisho wa mwezi

Kaunta buku bado nyeupe. Natumia muda mwingi kukaa tu, asubuhi jikoni, jioni chini ya mwembe kwenye bao. Ndivyo nilivyoanza kuwafahamu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inasema malezi yake ni ya familia na jamii kwanza. Makazi kama haya ni hatua ya mwisho. Wengi walio hapa hatua za mwanzo ziliwapita. Yupo babu wa Urambo aliyelima tumbaku ya wengine maisha yake yote na hakupata mtoto. Yupo mzee aliyekuja Tabora na kazi ya reli, kwenye genge la kutengeneza njia, akakaa miaka mingi mno hata kwao Kigoma hakuna anayemkumbuka. Wapo bibi ambao walifukuzwa vijijini mwao, na sababu hawaisemi mbele za watu.

Jambo moja limenishtua. Ndoo ya maji ya kunywa, yenye koki, inajazwa asubuhi na mpaka jioni imepungua kidogo tu. Joto hili, watu wote hawa! Muuguzi anasema kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda, na ni kweli. Ila asubuhi wanakunywa chai vizuri kabisa. Ni kuanzia saa nane mchana ndipo kikombe kinasukumwa pembeni.

Mei, wiki ya kwanza

Nimelipata jibu la maji, na sikulipata kwa kuuliza habari za maji. Tulikuwa tunazungumzia waliolala hospitali mwaka jana. Bibi mmoja akasema, "Yule alivunjikia chooni. Tangu hapo mimi usiku sitoki." Hutoki, na haja ndogo? "Sinywi."

Basi ndiyo hiyo. Choo kiko nyuma ya jengo. Njia haina taa, ina ngazi mbili za saruji zilizomeguka, hakuna pa kushika. Wanaacha maji mchana ili wasitoke usiku. Asiyekunywa anakaukiwa, anafunga choo, anapata maambukizi ya njia ya mkojo; na kwa mzee maambukizi hayo mara nyingi hayaji kwa homa wala maumivu, yanakuja kwa kuchanganyikiwa. Anaanza kumwita marehemu mkewe, anajikojolea, anaanguka akielekea mlangoni. Walezi wanasema "uzee huo". Miezi yote hiyo semina zimefundisha kuwahimiza wazee wanywe maji, na wazee walikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutokunywa.

Lalamiko la kwanza kwenye kaunta buku, mwandiko wa mlezi wa usiku: "Njia ya chooni giza."

Mei, wiki ya tatu

Taa za sola zimefungwa, tatu kwa kila upande. Ndoo za usiku zenye mfuniko zimenunuliwa kwa wasioweza kabisa kutoka. Hilo lilikuwa rahisi.

Kishikio cha kando ya njia hakikuwa rahisi. Fundi alikuja na kipimo chake cha ngazi za majumba, akataka kuchomelea bomba usawa wa kiuno chake. Fundi ni kijana wa miaka thelathini. Mzee wa reli alimtazama, akachukua fimbo yake, akasema, "Simama hapa, bibi." Akamsimamisha bibi mfupi kuliko wote, mgongo umepinda, mikono imening'inia, akaweka alama ya chaki ukutani usawa wa kifundo cha mkono wake. Kisha akamsimamisha wa pili, na wa tatu. Alama zote zilikuwa chini ya kiuno cha fundi kwa zaidi ya shubiri. Wakakubaliana bomba mbili, ya juu na ya chini, na mwisho wa kila bomba upinde chini, ili mkono ukiteleza gizani ujue njia imekwisha.

Kipimo cha kifundo cha mkono ndicho kinachotumika pia kwa fimbo ya kutembelea: mtu asimame wima na viatu vyake, mikono chini, kichwa cha fimbo kifike kifundoni. Tulipozipima fimbo za hapa, nyingi zilikuwa ndefu mno, zimeletwa na wageni kwa mkupuo, zote saizi moja. Tumezikata na kuzivisha vipande vya raba ya tairi chini. Kazi ya asubuhi moja.

Juni, wiki ya pili

Kipupwe kimeingia, usiku blanketi moja halitoshi. Kaunta buku sasa ina kurasa mbili. Malalamiko mengi ni ya chakula cha jioni.

Chakula cha jioni hapa huliwa saa kumi na nusu, jua bado kali. Wapishi wanaishi Isevya na Cheyo na wanataka kufika kwao mapema. Uji wa asubuhi unatoka saa mbili na nusu. Hesabu hiyo: saa kumi na sita bila kitu tumboni. Kwa mzee mwenye kisukari anayetumia dawa, hapo katikati sukari inaweza kushuka, na ikishuka usiku hakuna wa kuona. Muuguzi alikuwa akilisema hili tangu zamani, ila lilikuwa neno la muuguzi peke yake.

Mfawidhi alisema tuitishe kikao aamue. Mzee wa reli akauliza kwa nini wasipige kura. Kimya kidogo. Akaendelea, na hapa nayaandika maneno yake kama nilivyoyanasa: "Hapa Tabora ndipo TANU walipokaa Januari 1958 wakakubali kura tatu. Nilikuwa kijana, nawaona wakipita. Tutashindwa na kura ya ugali?"

Kwa vijana watakaosoma: katika uchaguzi ule kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na wengi ndani ya chama walitaka kususia. Mkutano wa Tabora ukakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara.

Tulipiga kura kwa nafaka kwa sababu wengi hawasomi. Kopo moja, limefunikwa kitambaa chenye tundu. Punje ya hindi: tule saa kumi na mbili na nusu. Harage: tubaki kama zamani. Asiyeona alipapasa akajua mwenyewe anachokitumbukiza, bila kushikwa mkono na mlezi; hilo la kupapasa alilisema babu asiyeona, sisi tulikuwa tumefikiria karatasi za rangi. Wasioinuka walipelekewa kopo vitandani. Mahindi yalishinda kwa mbali.

Hapo ndipo bibi mmoja alipouliza, "Na hawa wapishi wetu watarudije na giza?" Nilidhani ushindi umeingia mchanga. Wakalijadili wenyewe, kwa sauti, wakikatizana, na wakafika hapa: wapishi wapike na kumaliza saa kumi na moja, chakula kiwekwe kwenye hotipoti, mlezi wa zamu ya usiku agawe, vyombo vioshwe asubuhi. Mradi umenunua hotipoti nne kubwa na chupa za chai kwa ajili ya uji wa saa nne usiku kwa wenye sukari. Mfawidhi amesaini. Alisema hakuwahi kuwasikia wakibishana namna ile.

Julai

Viazi vitamu vimejaa sokoni, bei imeshuka. Bibi kadhaa wameomba vinunuliwe magunia wafanye matobolwa, yaani viazi vya kuchemsha na kuanika, ya kula usiku na ya kuweka akiba. Mfawidhi kakataa mwanzoni, na sababu yake si ya kupuuza. Wazee wamefanya kazi maisha yao yote. Mkaguzi akija akamkuta bibi wa miaka themanini anamenya viazi, ataandika kwamba tunawatumikisha. Nimeona makazi mengine ambako "ushiriki" maana yake mzee ndiye mfagiaji wa uwanja. Kumshirikisha mtu na kumfanya kibarua vinakaa karibu sana.

Tulizungumza jioni nzima. Nilimtolea Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa Wazee za 1991: ziko kumi na nane, katika mafungu matano, na ushiriki na matunzo yamewekwa sawasawa na kujitegemea, kujiendeleza na heshima. Alizisoma kwa makini, kisha akauliza swali la maana kuliko kanuni zote: mzee akichoka katikati, nani atamalizia? Tumekubaliana hivi. Anayetaka anafanya, anaacha anapotaka bila kutoa sababu, mpishi yupo palepale kumalizia, na kinachopatikana ni mali ya wakazi. Hakuna kazi ya mzee inayoingia kwenye ratiba ya wafanyakazi.

Siku ya viazi walikuja wengi kuliko niliowatarajia. Wawili wana mikono inayotetemeka, hao walipewa kupanga vipande kwenye mikeka. Bibi wa Sikonge hakuja. Nikamfuata chumbani. Ni mchangamfu akiwa na mtu mmoja, anaamkia "Mwangaluka" kabla hujafika mlangoni, ila kwenye kundi haonekani. Macho yake ni mekundu sana. Nikamwambia wenzako wanakuulizia. Akasema: "Nikishika kisu nikamenya, kesho mtu akaumwa tumbo, utanificha wapi?"

Nilikosa la kujibu. Huku Unyamwezini na kwa jirani zetu Wasukuma, macho mekundu ya bibi kizee yameshaleta mapanga mlangoni. Sababu ya macho yale ni moshi: miaka na miaka ya kupuliza kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Yeye hilo analijua vizuri kuliko mimi. Haogopi kwamba ni mchawi, anaogopa watu.

Kesho yake alitoka mwenyewe. Aliweka kigoda chake mbele kabisa, mahali kila mtu anamwona mikono, akamenya. Vyake vikachemshwa chungu kimoja na vya wengine. Sitaandika kwamba mambo yamekwisha. Wapo wawili ambao hawakugusa matobolwa yale, nimewaona. Wa tatu, mzee mkorofi wa chumba cha pili, alichukua mawili kutoka kwenye mkeka wa bibi na kuyala palepale, kwa makusudi. Daktari wa macho amempima bibi wa Sikonge: jicho moja lina mtoto wa jicho, anasubiri kufanyiwa upasuaji.

Agosti

Mfadhili alitaka kamati, kamati imeundwa. Walichaguliwa wanaume watatu wasemaji na mwanamke mmoja asiyesema. Baada ya vikao kadhaa bibi walikuja kuomba cha kwao, chini ya mwembe mwingine, siku nyingine. Kimeanza. Agenda ya kwanza ilikuwa mlango wa bafu la wanawake ambao haufungi. Umetengenezwa wiki hiyo hiyo.

Septemba

Kisigino cha yule mzee wa kitambaa cha kanga kilichukua muda mrefu kupona, na kimetufundisha. Vidonda vya kulala havianzi na kidonda. Mwili ukikandamizwa sehemu moja muda mrefu damu haipiti, nyama inaanza kufa ndani kabla ngozi haijapasuka. Mabango ya mafunzo yanasema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani. Muuguzi amewafundisha walezi kugusa: kisigino, nyonga, mkia wa mgongo, mabega. Panapokuwa na joto au ugumu kuliko pembeni, hapo pameanza, usikande, ondoa uzito. Mto unawekwa chini ya muundi ili kisigino kining'inie hewani.

Na kugeuza, kila baada ya saa mbili. Mchana linawezekana. Usiku mlezi ni mmoja. Anageuza, anapeleka mtu chooni, anagawa uji, anakaa dakika tano, usingizi unamchukua. Simlaumu.

Aliyelisogeza jambo hili ni mzee mkorofi wa chumba cha pili. Yeye halali. Amekuwa halali kwa miaka, na kila mtu alikuwa anamhesabia kama kero. Alikuja na hoja yake: nipeni saa yenye kengele, kila ikilia nitamwita mlezi. Nikamkumbusha makubaliano ya Julai kuhusu kazi. Akanijibu kwa ukali: "Niko macho hata hivyo, mwanangu. Unataka niwe macho bure?" Amepewa saa. Akilala siku moja, haitakuwa kosa la mtu. Mlezi ana saa yake pia. Lakini tangu Septemba ianze hakuna kidonda kipya, na mlezi wa usiku anasema sasa ana mtu wa kuzungumza naye.

Hospitali. Matibabu kwa wazee wasiojiweza ni bure kwa sera, na dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa herufi kubwa. Siku tuliyokwenda na wagonjwa wawili dirisha lilikuwa na karatasi, "Tumia dirisha la kawaida." Tukapanga foleni, vipimo vikafanyika bila malipo, na tukatoka na cheti cha kwenda kununua dawa nje. Dawa za shinikizo la damu za mwezi mmoja zimelipwa kwa fungu la nauli. Hili haliwezi kuendelea, na sina fungu jingine.

Oktoba, wiki ya kwanza

Tarehe 1 ni Siku ya Wazee Duniani, kwa hiyo wageni wamemiminika: vikundi vya kazini, vya ibada, vya wasanii. Sabuni, mchele, mafuta ya kula. Nawashukuru kwa dhati. Ila kila mfuko ulikabidhiwa mara tatu, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari.

Bibi walikuwa wamelijadili kwenye kikao chao tangu Septemba, na wanaume wakaunga mkono. Mfawidhi amebandika uamuzi getini: mgeni ataomba ruhusa kwa kila mzee kabla ya kumpiga picha, vyumbani hapigwi mtu, na mzee akisema hapana zawadi haipungui. Kikundi kimoja kilikasirika kikaondoka na nusu ya mchele. Nilidhani wazee watajuta. Mzee wa reli kasema tu, "Waache, nao wana kikao chao."

Wameandaa pia orodha ya wanavyotaka kuletewa. Kandambili zenye mkanda wa nyuma, wembe, kanga, mafuta ya mgando, betri za redio. Na ugoro. Hapo ndipo pana vita. Muuguzi hataki hata kuusikia, na kiafya yuko sahihi. Babu wa Urambo anasema alilima tumbaku tangu utoto, ikasomesha watoto wa watu, na leo akiwa na miaka themanini anaambiwa itamharibia maisha. Kamati imegawanyika. Fedha za mradi haziwezi kununua ugoro, hilo mfadhili hatalikubali kamwe, lakini mzee mwenye shilingi zake akimtuma mlinzi dukani, kanuni gani inamzuia? Kikao ni wiki ijayo.

Redio nayo. Kuna wanaotaka vipindi vya dini, kuna wanaotaka muziki wa zamani, na hao wa muziki wenyewe hawapatani kama bendi ya mji huu ilikuwa Tabora Jazz, Nyanyembe au Kiko Kids. Ugomvi huo nimeuacha kama ulivyo, unawachangamsha. Habari ya pensheni jamii ya Zanzibar, inayotolewa tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, waliisikia humo humo redioni. Wanataka kumwandikia mbunge kuuliza kwa nini huku bara hakuna. Barua inaandikwa, wanaibishania aya ya pili.

Kaunta buku imejaa, nimenunua nyingine. Kati ya yaliyoandikwa wiki hii: maharage yana mawe, mlezi mmoja anawaita "watoto", godoro la chumba cha sita limelowa tangu Jumapili, mimi naahidi kuja asubuhi na kufika saa sita. Godoro limebadilishwa. Mlezi ameongea na mfawidhi. Maharage sasa yanachambuliwa mchana na wanaotaka.

Yaliyobaki kabla mvua hazijaanza: fundi amalizie kishikio upande wa wanawake, tarehe ya upasuaji wa bibi wa Sikonge, barua ya kuomba mlezi wa pili wa usiku, ambayo safari hii itasainiwa na wakazi wenyewe kwa dole gumba, na fungu la dawa za shinikizo kwa Novemba. Hilo la mwisho bado halina jibu.